Shimo mu Wimbo ya Papa

Jumapili, tarehe 10 mwezi wa nane

Naandika mbio kabla Mama aniite kupika.

Misa ilipoisha, Alexis alitungojea ku mulango ya kanisa, mimi na Benie. Alexis anapiga gitare, Benie anapiga ngoma, mimi naimba. Groupe yetu ni sisi watatu tu, na bado hatuna jina. Alexis alibeba karatasi. Concours, mashindano ya muziki! Jumamosi ya tarehe 30, saa tisa ya mchana, mu salle, ukumbi moja ya Makiso, katikati ya mji. Kila groupe itapiga reprise, ni kusema kupiga upya wimbo ya wengine, wimbo moja ya rock, yenye dunia muzima inaijua. Wenye kushinda watapelekwa Kinshasa kurekodi mu studio ya kweli. Studio! Mimi mwenye sijapita hata Banalia!

Karatasi inasema watahukumu «uzuri ya reprise». Basi. Haisemi uzuri yenyewe ni nini.

Alexis alikuwa ameisha kuchagua. Akatoa telefone, akatuwekea. Gitare inalia kwa nguvu, ngoma inakimbia sawa mbuzi wenye wamekata kamba. Nikaanza kucheka. Kisha muzungu akafungua kinywa — na mimi nikasimama pale pale. Ile sauti ya wimbo! Naijua! Ni Taa! Ni wimbo ya Papa!

Nikamwambia Alexis: hii ni wimbo ya matanga, Papa yangu ndiye aliitunga. Alexis alicheka mpaka akashika tumbo. Anasema ni ya Waingereza, ilitoka wakati Papa yangu bado alikuwa mutoto ya masomo kule Butembo.

Miaka 27 niko mu hii dunia na sikujua! Nani alinidanganya? Nikifikiri vizuri, hakuna mutu aliniambia kama Papa aliitunga. Hakuna pia mutu aliniambia kama hakuitunga. Mama anaita.

Jumatatu, tarehe 11

Mvua. Wateja wachache ku butiki. Niliisikiliza ile ya Waingereza mara sita, nyuma ya magunia ya chumvi, sikio moja.

Bon. Niandike vile mambo iko, pengine nitaelewa.

Taa yenye mimi najua inatembea polepole. Gitare moja, sauti moja, watu wanaitikia: «Usizime taa, bado niko mu njia.» Papa na wenzake waliipiga miaka ya makumi nane, na tangu pale mutaa yetu muzima, Mangobo, inaiimba ku matanga. Na katikati kuna shimo. Mustari ya tatu ikiisha, kila kitu inanyamaza. Hakuna ngoma, hakuna kukohoa. Mu ile kimya, mutu ya familia anaita jina ya mwenye kufa. Mara moja, kwa sauti. Kisha wimbo inaendelea, lakini haianzi pale ilisimama, inaruka mbele. Jina isipoitwa, haiendelei. Ndiyo desturi. Nilipokuwa mudogo niliona watu wakingojea mpaka watoto wakaanza kulia, sababu mujane alikosa nguvu ya kuita.

Ile ya Waingereza haina shimo! Nimetafuta mara sita! Pale shimo inapaswa kuwa, muzungu anaimba tu, maneno mengi, mbiombio, hata hapumui.

Donc nani alichimba ile shimo?

Ningemuuliza Papa. Lakini Papa… Mwezi wa pili pression ya damu ilipanda, akaanguka hapa hapa ku butiki. Mukono ya kushoto imekufa, muguu anaikokota. Maneno ilibaki tatu: «eeh», «hapana», «chai». Majina yote ilipotea. Mama iko «eeh». Mimi niko «eeh». Hata Mungu, wakati ya kusali, anamuonyesha tu na kidole. Tangu mwezi wa pili hakuna mutu mu nyumba hii ameitwa jina yake na Papa. Ile inaniuma kuliko ile mukono. Zamani alikuwa anasimama ku mulango ya butiki na kuita «Katungu!» mpaka watu wa toleka wanageuka na baiskeli zao.

Jumatano, tarehe 13

Ah! Haya ya leo!

Répétition, mazoezi ya kwanza, mu parcelle, ua ya wakina Benie, Mangobo, saa kumi. Nikawaambia wenzangu: ngojeni kwanza niwaimbie ya Papa, mulinganishe na ya Waingereza. Alexis akakubali, akapiga polepole, Benie akagonga kidogo tu. Tulimaliza mustari ya kwanza. Tukaingia ya pili. Mulango ya parcelle ikafunguka.

Mama Angèle, jirani. Kikwembe amefunga ku kiuno, mikono ku kichwa. «Nani amekufa? Yesu wangu, nani?» Nyuma yake watu wanane. Mwanaume mumoja alibeba kiti ya plastiki juu ya kichwa, sababu ku matanga kila mutu anakuja na kiti yake. Mwingine alileta kuni. Anauliza: niweke wapi?

Benie akaanza kucheka. Haikufaa acheke.

Mama Angèle aliposikia hakuna maiti, akakasirika kweli. «Munapiga Taa bila mufu? Munaita nani basi?» Kisha akaniangalia. Wote wakaniangalia. Mangobo muzima inajua hali ya Papa. «Katungu mwanangu,» anasema, sasa kwa upole — na ule upole ndio uliniua, «papa yako bado anapumua na wewe unamuimbia Taa?»

Walirudi na viti vyao. Yule wa kuni alinuna sawa mutu mwenye tumemuibia.

Kurudi nyumbani nilitembea kwa miguu. Nilikuwa na hasira, lakini sijui hasira na nani.

Alhamisi, tarehe 14

Habari ya Mangobo haipandi toleka, inaruka. Nilipofika nyumbani jana Mama alikuwa ameisha kujua yote, mpaka kuni.

Anasema ile wimbo haitaingia mu nyumba hii kabla ya… Hakumalizia. Akarudi ku lituma yake, akatwanga ndizi kwa nguvu mpaka mutwangio ukamuponyoka.

Papa anatuangalia, mimi, kisha yeye, kisha mimi. «Chai,» akasema.

Jumamosi, tarehe 16

Hakuna répétition, ni ugomvi tu. Tumekaa mbele ya salon ya dada ya Benie, saa mbili nzima, tunajiuliza: reprise nzuri ni gani?

Alexis: reprise ni sawa photocopie ya diplome. Ukibadilisha neno moja, imekuwa faux, ya uongo, polisi anakukamata. Amejifunza ile wimbo ku telefone noti kwa noti, miezi mitatu, hata kabla karatasi itoke, vidole vimeota sugu. Hataki mutu aguse kitu.

Benie: hapana, reprise ni kikwembe. Sisi wote tunanunua kitambaa moja ku soko, lakini kila mutu anapeleka kwa fundi wake. Nguo ni nzuri ikikukamata wewe muzuri.

Alexis: na fundi akikata vibaya?

Benie: basi unakaa nyumbani, kama vile shemeji yako siku ya ndoa yake!

Tulicheka wote, hata Alexis. Kisha wakaniuliza mimi. Mimi! Alexis akiongea naona ana haki. Benie akiongea naona ana haki. Nikabaki peke yangu, sina haki hata moja. Nikasema reprise nzuri ni ile ambayo ukisikia unasahau ya kwanza. Alexis akasema: donc ya papa yako ndiyo nzuri kuliko zote, sababu Mangobo yote imesahau. Alisema kwa kuchokoza. Lakini niliishika ile neno, nikarudi nayo nyumbani.

Kama ni kweli, Papa ni mukubwa. Kama si kweli, Papa aliiba tu wimbo ya watu akaiharibu. Na mimi nilimsifu miaka yote kwa kitu yenye si yake.

Jumapili, tarehe 17

Kitu kidogo, nisisahau.

Nilikuwa nafua. Mama alikuwa ku kanisa, misa ya pili. Papa ku kiti yake mu kivuli. Bila kufikiri nikaanza kuimba Taa mu mapua, polepole, ya matanga. Nikasikia: ta-ta-ta-ta! Papa anapiga mukono ya kuume ku kiti. Mbio! Mbio sawa ya Waingereza! Anatikisa kichwa: hapana, hapana, mbio! Nikaimba mbio. Macho yake ikafunguka kabisa!

Tulifika pale pa shimo. Akaacha kupiga. Akainua mukono, vidole mbili imebana, sawa mutu mwenye ameokota unywele ndani ya supu. Akaipeleka polepole pembeni. Akaishusha. Kisha ta-ta-ta-ta tena.

«Papa, ile ni nini?» nikamuuliza. Akarudia: kubana, kuinua, kupeleka, kushusha. «Sielewi, Papa.» Akarudia tena. Akachoka. Machozi ikamtoka, ya hasira, si ya kilio. Nami pia.

Vidole mbili. Anaokota nini?

Jumanne, tarehe 19

Nimeelewa vidole! Na sasa naelewa kidogo kuliko jana. Nitaandika yote.

Wenzake Papa wa zamani, wenye walipiga naye, wote wamekufa. Amebaki rafiki mumoja tu, muzee Mahmoudi, fundi wa radio, wa zile familia za Waislamu wa zamani. Iko mu commune Kisangani. Leo anatengeneza machargeur na taa za solaire, mikono inatetemeka lakini macho ingali inaona. Nilipanda toleka, nikamubebea sukari.

«Binti ya Ezéchiel! Papa yako bado ananidai muchezo moja ya dame.» Nikamueleza, nikamuonyesha vidole. Muzee aliangalia vidole yangu. Kisha akaweka chini tournevis, bisibisi yake, akacheka bila sauti, mabega tu ndiyo inaruka.

«Ile ni mukono yangu mimi,» anasema.

Ni hivi. Zamani Mugriki mumoja wa hapa alileta tourne-disque, mashine ya santuri, kutengeneza, na disque moja ndani. Akaenda kwao, hakurudi. Muzee akabaki navyo. Kila siku, mulango wazi, anapiga ile disque, wateja wanakaa inje wakingojea radio zao. Lakini disque ilikuwa na mukwaruzo mubaya, katikati. Sindano ikifika pale inarudi, inarudi, inarudi, inatia wazimu. Basi muzee alizoea: wakati inakaribia, anabana sindano na vidole mbili, anaiinua, anaivusha, anaishusha mbele. Na wakati sindano iko juu kuna kimya, si ndiyo? Basi pale ndipo anaita muteja kwa jina. «Waziri! Radio yako iko tayari!» Kisha anashusha, wimbo inaendelea.

Papa na wenzake walikuwa wanakaa pale ku baraza na gitare moja. Hawakuwa na disque. Walijifunza Taa pale pale, siku kwa siku. Wimbo, na kimya, na kuruka, na jina. Yote. Walifikiri ndivyo Waingereza waliitunga!

Nilicheka mpaka nikashika meza. Muzee pia. Kisha akasema ngoja, bado.

Mara ya kwanza waliipiga mu bar, ya kucheza, mbio. Wakafika katikati, wakanyamaza, Papa akaita jina ya rafiki mumoja mwenye alikaa ku meza. Ule rafiki akashituka, akasimama, akaingia katikati kucheza peke yake! Watu wakapiga kelele! Tangu siku ile kila mutu alitaka jina yake iitwe. Muzee mwenyewe alienda kuwaambia: watoto, pale ni disque mbovu tu, si wimbo. Wakajaribu kupiga bila shimo. Watu wakakataa. Wakasema: hii si Taa.

Miaka ikapita. Edouard, mupiga gitare ya basse wao, mutumbwi wake ukazama, muto ukamuchukua. Ku matanga yake wakapiga, sababu aliipenda. Polepole, hawakuwa na nguvu. Wakafika pa shimo. Papa hakujua kufanya nini. Akaita: «Edouard!»

«Na Edouard hakusimama,» muzee anasema.

Tangu ile siku hakuna mutu alitaka tena kuitwa.

Nilirudi jua kali. Sikupanda kitu. Donc: kwanza jina inaitwa sababu kitu yako iko tayari. Kisha inaitwa ili usimame ucheze. Kisha inaitwa sababu hutasimama tena. Na yote ilitoka ku mukwaruzo! Sasa ile shimo ni nini? Ni kosa? Ni yetu? Nani ananijibu?

Ijumaa, tarehe 22

Niliwaeleza wenzangu. Nilifikiri watalia. Alexis akaruka juu: «Voilà! Si nilisema? Ni ugonjwa ya disque! Tutaenda mbele ya jury na ugonjwa ya disque?» Anataka tupige ya Waingereza safi, bila shimo, ama yeye anaenda groupe ingine. Ile groupe ya Tshopo wamemuomba, anasema.

Benie akamwambia: wewe ulijifunza gitare ku telefone yenye kioo imepasuka, na tunakuvumilia.

Alexis hakucheka. Aliweka gitare mu mufuko yake, polepole, ili tumuone anaiweka. Bila Alexis hatuna kitu, gitare ni moja.

Nikasema sawa. Bila shimo.

Niliposema nilisikia vizuri. Kisha nilipofika ku kona nilisikia vibaya.

Jumatatu, tarehe 25

Papa anataka kuja ku concours!

Sijui nani alimwambia. Pengine muzee Mahmoudi, alipita Jumapili kucheza dame. Asubuhi tulimukuta amekaa ku kitanda, amevaa kiatu moja. Ile ya kuume. Ingine ameishika ku mukono. Mama anamuuliza anaenda wapi. Papa ananionyesha mimi, kisha anapiga ku kitanda ta-ta-ta-ta.

Mama akasema hapana. Papa akasema hapana ku ile hapana. Wakabaki pale, hapana na hapana, saa moja. Nikamwambia Mama: mugonjwa haulizwi uji. Mama akanijibu kwamba uji si Taa, na mimi nisimletee methali mu chumba yake.

Kisha akaniita jikoni. Mama alikuwa analia, lakini analia akikata pilipili, ili nisijue ni gani. Anasema: salle itajaa watu wa Mangobo. Wakisikia kimya, na Papa yako iko pale mu kiti, ameisha nusu, macho yote itamuangukia. Na mutu mumoja atakosa akili, ataita jina yake. «Ukisikia jina ya mume wangu mu ile kimya, Katungu, mimi nitafanya nini?»

Nikamwambia hakuna kimya. Tumeitoa. Akaniomba niape. Nikashika rozari yake, nikaapa: hakutakuwa shimo.

Donc Papa anakuja kusikiliza wimbo yake, na yake haitakuwa ndani.

Alhamisi, tarehe 28

Répétition ya mwisho. Muzuri sana! Alexis hakukosa noti hata moja, Benie aligonga mpaka kuku wakakimbia. Mimi naimba maneno ya Kiingereza, yote, bila kupumua pale muzungu hapumui. Photocopie kabisa. Alexis alinikumbatia!

Hakuna mutu alifungua mulango. Hakuna mutu alileta kiti. Mama Angèle alipita na maji yake, hakugeuza hata shingo.

Nilirekodi ku telefone, nikamuwekea Papa. Alifurahi mwanzoni, mukono ikapiga. Ilipokaribia pale, akainua vidole mbili. Lakini wimbo haikumungojea, ilipita. Vidole ikabaki juu, haina kitu ya kushusha. Akaniangalia sawa mutu mwenye amefika ku port na kukuta meli imeenda.

«Hapana,» akasema. Si kwa hasira. Ananieleza tu.

Nataka concours ipite. Nataka iishe. Sijui nataka nini.

Jumamosi, tarehe 30, asubuhi

Kikwembe ya kijani. Nywele imesukwa. Sijakula. Mama anamunyoa Papa ndevu, anamuambia asijitikise, utafikiri wanaenda kuoana.

Nimeapa ku rozari. Bila shimo. Naandika ili nisome tena nikifika kule.

Jumamosi, tarehe 30, saa kumi na moja

Niko ku ngazi, nyuma ya salle. Daftari iko ku magoti.

Tulipiga wa nne. Salle ilijaa, kweli Mangobo yote. Mama Angèle, ule wa kuni, muzee Mahmoudi na kofia yake. Papa mbele kabisa, mu kiti, Mama pembeni amemushika bega. Tulianza mbio, na watu walipiga mikono, lakini kwa heshima, sawa wageni. Mustari ya kwanza. Ya pili. Nilikuwa naimba vizuri! Naapa nilikuwa naimba vizuri na sikupanga kitu!

Mustari ya tatu ilipoisha nikamuangalia Papa. Sikupaswa kumuangalia. Vidole mbili ilikuwa inapanda.

Na kinywa yangu ikasimama.

Benie akaacha pale pale, utafikiri tulipanga. Alexis akaendelea peke yake noti mbili, tatu, akaniangalia na macho ya kuniua, akaacha. Kimya. Kimya ya kweli, ile ya Mangobo. Watu mia tatu na hakuna mwenye kukohoa. Jury wanaangaliana, hawaelewi. Na macho yote — Mama alisema kweli — macho yote ikaanguka juu ya Papa.

Nikaona Mama anafunga kinywa na kikwembe. Nikafikiri: nimemuua. Nimemuua baba yangu mbele ya watu kwa wimbo ya Waingereza. Jina isipoitwa, wimbo haiendelei, na hakuna mutu anathubutu, na mimi sina sauti.

Kisha Papa akaita: «Katungu!»

Muzima. Sawa ku mulango ya butiki. Miezi sita na zaidi!

Salle ikapiga «wee!» — wengine kwa furaha, wengine kwa woga, nilisikia zote mbili. Papa akashusha vidole. Benie akagonga. Na mimi nikaruka mbele, pale disque ilikuwa inaruka, lakini Kiingereza ilikuwa imenitoka yote, nikaimba ya Papa, mbio: usizime taa, bado niko mu njia! Watu wakasimama. Mama Angèle alicheza. Ule wa kuni alicheza. Sijui tulimaliza namna gani.

Sasa Alexis haongei na mimi. Benie ananibusu na kucheka. Jury mumoja aliniuliza kama tulisahau wimbo katikati. Muzee Mahmoudi alinishika mikono yote mbili, akaenda kujipangusa macho na kofia. Mama yeye aliniambia neno mbili tu: «Uliapa.» Kisha ingine: «Amekuita pale tunaita wafu.» Anataka twende kwa padiri leo hii.

Nani ana haki? Papa aliniita sababu kitu yangu iko tayari? Aliniita nisimame nicheze — lakini nilikuwa nimesimama! Ama aliona jina yake inakuja, akaniweka mimi mbele? Papa yangu hawezi kufanya vile. Ama jina yangu ilikuwa ndani ya shimo tangu mwezi wa pili, na ilikosa tu njia ya kutoka? Nilimuendea, nikapiga magoti: «Papa, uliniita juu ya nini?»

«Chai,» akasema.

Nililia na kucheka. Nikaja kukaa hapa.

Wametuweka inje wote, jury wanahesabu. Papa iko ku mulango, mu kiti yake, hatua nne kutoka hapa. Mama nyuma yake. Watu wanaongea, sono, zile spika, inalia, Alexis anafunga mufuko yake. Papa haangalii hata mumoja. Ananiangalia mimi. Ameinua tena vidole mbili, imebana, iko juu, na haishushi. Nilimuonyesha: imeisha, Papa, tumemaliza. «Hapana.» Nikamuletea chai. «Hapana.»

Watu wa Mangobo wameanza kuona. Mumoja kwa mumoja wananyamaza. Mama Angèle ameweka mukono ku kifua. Hata sono mutu ameizima.

Anangojea jina. Yeye ameisha kuita yangu, sasa ni zamu yangu. Na mimi sijawahi kumuita Papa jina yake, hata siku moja, mutoto haiti baba yake jina. Ezéchiel. Hapa ku karatasi ni nyepesi. Nikiita, atasimama? Mama anatikisa kichwa, polepole, hapana, hapana. Mukono ya Papa imeanza kuchoka, lakini haishuki. Naandika sababu nikiacha kuandika itabidi nifungue kinywa